Gazeti Lililotiiwa Kupita Kiasi

Nilianzisha gazeti kwa sababu ya uvivu. Najua wako watu walioanzisha magazeti kwa ajili ya ukweli, au kwa ajili ya nchi, au kwa chuki tu juu ya jirani fulani. Mimi nilikuwa nimechoka kuzunguka bwawa, basi.

Bwawa lenyewe lilikuwa katikati ya shamba kubwa la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, refu, lenye kona nyingi kama utumbo wa mbuzi. Mzungu mwenye shamba alilichimba apate maji ya kuoshea kahawa, lakini sisi tulioishi kando yake tuliringa kama watu wa ziwa. Upande wetu kulikuwa na nyumba za makarani na kanisa. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kipya, ambacho watu walihamishiwa kwa lazima wakati wa Hali ya Hatari. Na kule mwisho, penye ukuta wa kuzuia maji, kulikuwa na maduka machache na laini za wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi. Mtu wa ng'ambo ulimwona vizuri kabisa akipalilia maharagwe; akicheka, unamwona pengo. Lakini kumfikia umwambie neno moja ni kuzunguka maji yote, na penye ukuta umwonyeshe askari kipande chako, naye akisome polepole kana kwamba ni hadithi tamu.

Mama alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, na mjumbe wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, jambo ambalo siku zile halikuwa dogo, nikarudi nyumbani kungoja kazi inayolingana na elimu yangu. Kazi hiyo ilikuwa na adabu sana; haikuja kunisumbua. Nilikaa kwenye kiti cha kamba karibu na jiko, mahali penye joto, nikisoma vitu nilivyokwisha kuvisoma.

"Wee msomi," Mama angesema, "inuka uwaambie akina mama wa kijijini kwamba chai ya kanisa imesogezwa."

"Mama, mwache," dada yangu angedakia kutoka kwenye cherehani yake. "Asubuhi ametoka kwenye kitanda mpaka kwenye kiti. Unataka miguu imwishe?"

Dada alikuwa mkubwa kwangu. Alishona nguo za watoto na kuziuza soko la Thika, na watu wa bwawa walishaanza kumwita "mwalimu" kwa heshima, kwa sababu walidhani hataolewa na ilibidi wamwite kitu. Alikwisha kuwakataa wachumba wawili. Mmoja alimwambia dada anacheka kama fisi, na mwingine hakuwa na kosa lolote ila kwamba alikuwa yeye.

Basi siku moja, baada ya kuzunguka bwawa kwa habari ya chai, na kurudi, na kuambiwa chai imesogezwa tena, nilipata wazo. Kwa nini habari isitembee yenyewe? Niandike shughuli zote za wiki kwenye karatasi moja, karatasi ibandikwe kanisani, madukani na kwenye lango la kijiji, na mimi nibaki kwenye kiti changu. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, na ofisini kwake kulikuwa na taipureta na karatasi za kaboni. Kilichobaki ni ruhusa, maana miaka ile huwezi kuandika kitu ukakibandika ukutani hivi hivi.

Baba alinipeleka kwa meneja wa shamba, Mzungu mwekundu aliyekuwa na mbwa wawili na Kiswahili kimoja.

"Wewe nataka andika nini?" aliniuliza.

"Habari za mpira, bwana. Za kanisa. Na chai."

"Hapana siasa?"

"Hapana siasa, bwana. Chai tu."

Alifikiri, akamkuna mbwa. "Mazuri. Lakini piga muhuri ya shamba. Kila karatasi. Kama mimi naona karatasi hapana muhuri, mimi nachoma karatasi, halafu nauliza nani naandika."

Kwa hiyo kila nakala ya *Kando ya Bwawa*, ndilo jina nililolipatia gazeti, ilitoka na muhuri wa shamba wa zambarau, mviringo, mkubwa kama kisosi. Niliuona mzuri sana. Niliona unalipatia gazeti uzito. Kwa hilo nilikuwa sahihi, na ndilo lililotuponza.

Fikiria mwenyewe. Kwa miaka mingapi watu wale walikuwa wameona karatasi iliyopigwa taipu, yenye muhuri, ikipigiliwa misumari langoni? Na karatasi hizo zilisema nini? Kesho wote watoke kuchimba handaki. Kesho wote walete vipande. Hakuna kutoka nyumbani baada ya saa fulani. Hakuna karatasi iliyowahi kubandikwa pale ikiuliza mtu angependa nini. Na madukani, aliyewasomea wasiojua kusoma alikuwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, mzee mwenye kofia safi, ambaye alisema mama yake ni wa Kismayu na baba yake wa Tabora, na yeye mwenyewe ni wa hapa hapa kwa sababu treni ilimchosha. Kiswahili chake kilitushinda sote. Matangazo ya serikali alikuwa ameyasoma miaka yote kwa sauti moja, kubwa, ya kushuka mwishoni kama mlango unaofungwa. Sauti nyingine hakuwa nayo. Gazeti langu alilisoma kwa sauti hiyo hiyo.

Toleo la kwanza lilisema: "Jumapili baada ya ibada kutakuwa na chai ya akina mama. Kila mtu aje na kikombe chake."

Mama alirudi nyumbani jioni akiwa amepigwa na bumbuwazi. "Wamekuja wote," alisema.

"Akina mama?"

"Nimesema wote! Wanaume, wachunga ng'ombe, wazee wasioingia kanisani. Fundi wa madukani pia, na Mwislamu mwenzake muuza nyama. Kila mmoja na kikombe. Tumechemsha majani mpaka maji yakawa hayana rangi, na hakuna aliyeondoka!"

"Unaona?" nilimwambia dada. "Nguvu ya kalamu."

"Ya kalamu au ya sukari?" alisema, lakini nilimwona ameshtuka kidogo.

Mimi sikwenda kwenye chai hiyo. Sikwenda kwenye lolote nililolitangaza. Mhariri akianza kuhudhuria mambo atapata wapi muda wa kuyaandika? Hivyo nilichojua ni idadi tu, na idadi ilikuwa inapendeza. Kama ningetoka kwenye kiti mara moja tu ningeona kwamba watu wale hawakuwa wanakuja kama wageni. Walikuwa wanakuja kwa mistari.

Nilitangaza mpira kati ya vijana wa laini na vijana wa kijiji. Wote walikuja, na mchezo ulipokwisha hakuna aliyetikisika mpaka nyapara wa shamba alipowaambia sasa wanaweza kwenda. Meneja alikuwa ametia samaki bwawani, akataka siku ya kuvua itangazwe. Nikaitangaza. Wazee wetu wa Kikuyu, ambao kwao samaki ni binamu ya nyoka, walisimama ukingoni asubuhi nzima na fito mikononi, wamefumba macho ili wasije wakashika kitu kwa bahati mbaya. Wafanyakazi waliotoka upande wa ziwa la kweli walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Mama akapoteza kuku, nikamwekea tangazo dogo chini ya ukurasa: "Kuku mwekundu amepotea. Aonekanapo aletwe nyumbani kwa karani." Kabla jua halijawa kali ua wetu ulikuwa umejaa kuku wekundu. Kila mwenye kuku mwekundu alimleta. Nyapara alisimama langoni akiwapokea.

"Huyu si wangu," Mama alimwambia bibi mmoja.

"Najua, mama. Ni wangu," bibi alijibu kwa huzuni. "Lakini ni mwekundu."

Ilituchukua siku mbili kuwarudisha, na wengine walikataa kuwapokea bila karatasi. Na mimi bado sikuelewa! Niliandika kwenye toleo lililofuata kwamba wasomaji wetu ni wakarimu.

Wakati huo huo, dada alikuwa amepata mtu. Hakutuambia, tulijua kwa sababu alianza kwenda soko la Thika hata siku ambazo hakuwa na nguo ya kuuza. Alikuwa kijana wa Gatuanyaga, kule kukavu mashariki ya Thika, anayeuza mbuzi na makaa. Mrefu, mpole, na mwenye tabia ya kucheka utani wakati wenzake wamekwisha kuusahau. Dada akimwambia jambo la kuchekesha asubuhi, yeye alicheka adhuhuri. "Nimemngoja mtu wa namna hiyo," alimwambia Mama. "Wale wengine walikuwa wanacheka kabla sijamaliza."

Kulikuwa na shida moja. Baba wa kijana alikuwa na msichana mwingine machoni, wa Mugutha, wa nyumba ya rafiki yake. Alikubali kuja kwetu kwanza kwa sababu mwanawe alikataa kula. Lakini alisema wazi: atakuja mara moja, na asipopapenda, ataelekea Mugutha kabla ya mvua ya kupanda. Dada alijua hivyo, nasi tulijua. Wiki ile alishona vazi lake la kupokea wageni, akalifumua, akalishona tena.

Na mimi nilikuwa na nafasi ya vidole vitatu chini ya ukurasa.

Sikuwa na nia mbaya. Kwaya ilikuwa imeahirisha mazoezi, mpira ulikuwa umepasuka, na ukurasa wenye pengo huonekana kama mdomo wenye pengo. Nikaandika: "Jumamosi wageni kutoka Gatuanyaga watafika nyumbani kwa karani kwa ajili ya binti yake. Nyote mnakaribishwa." Niliona ni adabu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu niliposikia Mama akipiga kelele uani, "Ngai! Nani amekufa?"

Nikatoka. Sehemu yote mbele ya nyumba, kutoka mlangoni mpaka kwenye mibuni, ilikuwa imejaa watu wamechuchumaa kwa mistari. Wanaume huku, wanawake kule. Kila mmoja ameshika kipande chake mkononi, tayari. Nyapara alikuwa anatembea katikati yao na kifimbo akiwahesabu. Hakuna aliyeongea. Hata watoto wachanga walikuwa wametulia kwa namna ya kutisha.

"Nyapara, ni nini hii?" Baba aliuliza.

"Watu yote imefika, karani," nyapara alisema kwa fahari. "Wa kijiji, wa laini, wa madukani. Mgonjwa ni mmoja, na yeye tumembeba."

Dada alinishika mkono. Alikuwa anaangalia juu ya kilima, kwenye njia ya kutoka barabarani. Pale juu palikuwa na wazee wanne wenye makoti, kijana mrefu, na mbuzi. Wamesimama. Wanatazama mistari, vipande, nyapara na kifimbo chake. Yeyote aliyeishi miaka ile alijua picha ile ni ya msako wa askari, na ajuaye hakuingia mwenyewe ndani yake. Tuliwaona wazee wakigeuka. Kijana alibaki kidogo, akatazama chini kwetu, kisha mzee mmoja akamvuta koti. Mbuzi ndio waliokuwa wagumu kugeuka. Sauti yao ilisikika muda mrefu.

Dada hakulia. Aliniambia kwa sauti ya chini sana, "Wee kamwana, mtoto wewe. Umeandika nini?"

Nilipomwambia, alikwenda ndani akafunga mlango, na cherehani ikaanza kulia ingawa hakuwa na kitambaa cha kushona. Nje, nyapara alikuwa bado anangoja.

"Sasa tunafanya nini, karani? Karatasi imesema wanakaribishwa. Wamekaribishwa. Halafu?"

"Waambie waende nyumbani," Baba alisema.

"Imeandikwa?"

Nadhani ndipo nilipoelewa. Nilielewa nikiwa nimesimama na soksi mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze gazeti nilitamani kuwa mvivu zaidi ya nilivyokuwa.

Sasa, kwa desturi yetu, watu wa msichana hawamfuati mchumba. Wakifanya hivyo ni kama wanamtembeza binti yao sokoni kwa kamba. Baba asingeweza kutuma neno Gatuanyaga, hata la kusema "samahani", wala Mama, wala mimi. Walioondoka ndio wanaopaswa kurudi wenyewe. Na mvua ilikuwa inakaribia.

Lakini hakuna desturi inayomzuia mtu kuuza nguo za watoto. Dada alikwenda Thika. Aliporudi alikuja moja kwa moja mbele ya kiti changu, akasimama akizuia joto la jiko.

"Baba yake amesema hatakanyaga mahali watu wanapohesabiwa," alisema. "Amemwambia kule Mugutha hakuna kuhesabiwa. Nikamwambia kijana hapa pia hakuna, ilikuwa ni mdogo wangu tu. Unajua akanijibuje? 'Mdogo wako ni D.O. wa serikali?'"

"Kisha akacheka?"

"Hakucheka. Labda atacheka kesho. Sikiliza. Mzee atakubali kurudi Jumamosi ijayo kama ana hakika hakuna mkutano. Hataki maneno. Anataka karatasi, yenye muhuri."

"Mbona kila mtu anataka karatasi?"

"Wewe ndiye wa kuuliza?" Akanirushia nguo ya mtoto usoni. "Andika."

Niliandika kwa uangalifu kuliko barua yoyote ya kuomba kazi. "TANGAZO. Jumamosi hakuna mkutano wowote kando ya bwawa. Hakuna shughuli. Hakuna mtu anayetakiwa mahali popote." Nikapiga muhuri. Dada akapeleka nakala sokoni ikiwa imefungwa ndani ya gauni la mtoto. Nakala nyingine zilikwenda ukutani kama kawaida, ili safari hii mstari usiwepo. Fundi wa madukani alizisoma kwa sauti yake ya mlango unaofungwa.

Jumamosi hiyo niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi. Hakuna jogoo aliyefunguliwa. Hakuna moshi. Ng'ambo ya bwawa hakuna mtu aliyekuwa shambani. Ng'ombe mmoja alikuwa ameingia kwenye maharagwe ya watu, anakula bila haraka, na hakuna aliyemfukuza. Kwaya haikuimba. Cherehani ya fundi haikulia. Milango yote ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mlango watu walikuwa wamekaa, hawatakiwi mahali popote, wanatii.

Akina mama waliopaswa kuja kumsaidia Mama kupika hawakuja. Mama na dada walibeba sufuria wenyewe. Na hapo, saa ya jua kali, wageni wa Gatuanyaga waliteremka kilima. Walitembea katikati ya nyumba zilizofungwa wakiangalia kushoto na kulia, na mzee mkubwa alikuwa ameshika karatasi yangu mbele yake kwa mikono miwili.

"Karani," alisema alipofika mlangoni, kabla hata ya salamu, "watu wa hapa wamehamishwa?"

"Karibuni, karibuni ndani," Baba alisema. "Mvua mwaka huu imechelewa."

Kwa nini alianza na mvua? Kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kusema kitu kingine. Baba hazungumzi mahari ya binti yake mwenyewe; wanaozungumza ni ndugu zake na wazee wa ukoo, naye anakaa kimya kama kabati. Na ndugu zake walikuwa kijijini, ng'ambo, nyuma ya milango. Wageni wakakaa. Baba akasema mvua imechelewa. Wageni wakakubali kwamba imechelewa. Baba akasema lakini mwaka juzi haikuchelewa. Mzee wa Gatuanyaga akasema kwao mwaka juzi pia ilichelewa. Kijana alikuwa kwenye kona, magoti yake yamefika masikioni, anatazama pazia la jikoni.

Dada alinivuta nyuma ya nyumba. "Baba mkubwa yuko wapi?"

"Kwake. Niliandika hakuna shughuli."

"Basi nenda kamlete."

"Niende mimi?"

Alitazama miguu yangu mpaka ikaanza kwenda.

Nilizunguka bwawa lile mbio. Penye ukuta askari hakuwepo. Naye alikuwa ameambiwa hatakiwi. Nilifika kwa baba mkubwa ninahema kama mvukuto, nikagonga.

"Nani?" ilitoka sauti ndani.

"Ni mimi, baba mkubwa."

"Kwani hujui leo hakuna kitu?"

"Najua. Niliandika mimi."

"Sasa mbona unatembeatembea?"

"Wageni wamefika. Wa dada. Wanangoja nyinyi."

Nilisikia akishauriana na baba mdogo, ambaye alikuwa humo ndani pia. Kisha: "Kijana wangu, tunampenda sana mtoto huyo. Lakini karatasi iko langoni na muhuri uko. Tukitoka, tukakutana na mtu, tutamwonyesha nini? Uso wako?"

"Baba mkubwa, hiyo karatasi ni yangu! Nimeitunga nikiwa nimekaa jikoni!"

"Usiseme hivyo kwa sauti," alisema kwa huruma. "Kuta zina masikio. Leta nyingine."

Ofisi ya Baba ilikuwa imefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa kabati lililokuwa linazungumza habari za mvua. Lakini nyumbani kulikuwa na karatasi chache zilizokwisha kupigwa muhuri mapema, za kupunguza kazi. Nilirudi mbio, nikaanguka kwenye kiti changu, nikamweleza dada. Nikachukua kalamu, nikaanza kufikiria kichwa cha habari.

"Toka," alisema. Alikaa kwenye kiti cha mhariri, akaweka karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, akaandika bila kusita, kama mtu aliyekuwa ameitunga moyoni kwa miaka. Kutoka sebuleni tulisikia sauti ya mzee wa Gatuanyaga ikisema kwamba ameona anga, na jua linaenda, na Mugutha si mbali kwa mtu anayeanza safari mapema.

Nikazunguka bwawa tena. Sitaeleza. Baba mkubwa alifungua mlango kidogo, akatoa mkono, akaichukua karatasi, akausugua muhuri kwa kidole gumba kuona kama unatoka. Kisha wakatoka wote wawili na makoti yao, ambayo walikuwa wamekwisha kuyavaa, wakapitia kwa wazee wengine wa ukoo, na kila mlango walionyesha karatasi na kila mlango ulifunguka. Tulirudi kwa mstari mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimeshika viatu mkononi.

Mzee wa Gatuanyaga alikuwa amesimama, kofia kichwani. Baba alikuwa mlangoni akimweleza mvua ya mwaka aliozaliwa. Baba mkubwa hakusalimu mtu. Alisimama katikati ya sebule, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Tangazo la haraka. Wazee wa ukoo wafike sasa hivi nyumbani kwa karani. Watasalimu wageni. Watakula. Hawatataja mashamba yaliyopotea wala nani alimkosea nani. Watakubaliana. Watamaliza kabla jua halijatua."

Akaikunja, akasema, "Habari zenu, wageni." Akakaa, akala.

Mahari kwetu ni siku nzima. Mtu anakataa, mwingine anainuka kwa hasira ya uongo, anarudishwa kwa koti, mtu anakumbuka ng'ombe wa babu yake. Ndiyo raha yake. Siku ile baba mdogo alifungua mdomo mara moja kuanza habari ya shamba la zamani, ndugu yake akamgusa karatasi kifuani, akaufunga. Mzee wa Gatuanyaga alitazama mambo haya, akamwinamia baba mkubwa.

"Hiyo karatasi," aliuliza, "hata sisi imetutaja?"

"Imesema watakubaliana," baba mkubwa alijibu. "Mtu hakubaliani peke yake."

Mzee alifikiri. Akavua kofia, akaketi. Walitaja, wakajibiwa, wakatikisa vichwa, wakakubaliana. Baba, ambaye alikuwa ameingoja siku hiyo tangu binti yake azaliwe, alitazama kutoka huku kwenda huku kama mtu aliyepitwa na basi. Alilalamika mpaka uzeeni kwamba alinyang'anywa ugomvi wake.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, miguu kwenye karai la maji ya moto. Ilikuwa shughuli ya kwanza ya gazeti langu niliyoihudhuria.

Kilibaki kitu kimoja. Mama alileta kibuyu cha uji uliochachuka, na dada akaitwa. Ni lazima aulizwe mbele ya wote kama wazee wanywe au wasinywe. Asipoonja yeye kwanza, hakuna lililofanyika, hata mkubaliane kiasi gani. Alisimama na vazi lake lililoshonwa mara mbili. Baba mkubwa alimpa kibuyu kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza, "Binti yetu, wageni hawa wametoka mbali, na sisi tunataka kusikia kwa mdomo wako, je—"

Dada alikuwa anakunywa tayari. Hakuonja kama wasichana wanavyoonja, kwa aibu, midomo tu. Alikunywa na kunywa, macho yamefumbwa, na koo lake likipanda na kushuka, mpaka kwenye kona kijana wa Gatuanyaga akaanza kucheka, sijui kwa utani wa leo au wa wiki iliyopita. Dada alishusha kibuyu kikiwa nusu, akapangusa mdomo kwa mkono.

"Kunyweni," alisema.

Baba mkubwa alitazama kibuyu, akamtazama yeye, kisha akaitoa ile karatasi mfukoni na kuigeuza, kuona kama nyuma yake kulikuwa na maagizo mengine.